Tamko ambalo Bose hakulipata Berlin

Septemba 2022, karibu na lango la India Gate mjini New Delhi, ilizinduliwa sanamu kubwa ya Subhas Chandra Bose, mwanasiasa wa India aliyepigania uhuru wa nchi yake, iliyochongwa kwa jiwe jeusi la matale. Ilisimamishwa chini ya kijumba cha mawe ambamo zamani ilikuwa sanamu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mfalme alikwisha kuondolewa miaka mingi nyuma, kijumba kikabaki kitupu, na hatimaye akaingia yule aliyekuwa mkaidi wa dola ya mfalme huyo. Nje ya India, hasa Ulaya, jina la Bose huja na taswira nyingine kabisa, ile picha ya mwaka 1942 anayoonekana akipeana mkono na Adolf Hitler. Mtu wa sanamu na mtu wa picha ni huyo huyo mmoja, na ubishi juu yake kwa kawaida huishia palepale unapoanzia: wengine wanasema shujaa, wengine wanasema msaliti. Binafsi naona swali hilo limekwisha utamu. Lenye faida zaidi ni swali la kibiashara kidogo: Bose alikwenda Berlin kununua nini, alilipa nini, na aliondoka na nini mkononi?

Alikaa Ujerumani, pamoja na safari za kwenda Italia na Austria, kwa muda wa miezi 22 hivi, kuanzia Aprili 1941 hadi Februari 1943. Katika muda huo alipewa nyumba, fedha, ofisi, kituo cha redio na hata askari. Lakini kitu alichokitaka kuliko vyote kilikuwa karatasi: tamko rasmi la Ujerumani, Italia na Japani, linalosema bayana kwamba zinautambua uhuru wa India na kwamba India ni ya Wahindi wenyewe, awe ameshinda nani. Karatasi hiyo hakuipata. Watetezi wake husema aliikosa kwa sababu vita viligeuka vibaya, au kwa sababu maofisa wa Berlin walimzungusha. Mimi naona aliikosa kwa sababu ya msingi zaidi. Alimwomba avunje dola ya kikoloni mtu aliyekuwa akiitazama dola hiyo hiyo kama mfano wa ile aliyotaka kuijenga yeye mwenyewe.

Bose hakuwa mtu mjinga wala mgeni wa siasa. Alizaliwa Cuttack mwaka 1897, akasoma Calcutta na Cambridge, na mwaka 1920 akafaulu mtihani wa utumishi wa serikali ya kikoloni akishika nafasi ya nne. Mwaka uliofuata akaiacha kazi hiyo ambayo vijana wengi wa India waliiota usiku na mchana. Akawa meya wa Calcutta, akafungwa mara nyingi, na mwaka 1938 akachaguliwa kuwa rais wa chama cha Congress. Mwaka 1939 aligombea tena na kumshinda mtu aliyeungwa mkono na Gandhi, lakini ushindi huo ulimponza, kwa kuwa wazee wa chama walimwachia kiti na kumnyima chama. Akajiuzulu baada ya miezi michache. Ugomvi wao ulikuwa wa hoja: Bose aliamini kwamba vita vya Ulaya ni nafasi ya kumbana Mwingereza akiwa amebanwa kwingine, ilhali Gandhi na wenzake waliona haya kumpiga teke mtu ambaye nyumba yake inaungua, hata kama mtu huyo ndiye aliyewafunga minyororo.

Julai 1940 Bose alitiwa ndani tena. Mwishoni mwa Novemba aligoma kula, na serikali, ikiogopa kwamba angeweza kuwafia mikononi, ikamrudisha nyumbani kwake barabara ya Elgin, Calcutta, chini ya ulinzi wa makachero. Humo alitangaza kwamba anajitenga kwa ibada na hataki kuonana na mtu. Chakula kikawa kinapenyezwa chumbani bila mletaji kumwona. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari 1941 alitoka amevaa kama Mwislamu wa kaskazini, kwa jina la Muhammad Ziauddin, wakala wa bima, na mpwa wake Sisir akamwendesha kwa gari aina ya Wanderer hadi kituo cha reli cha Gomoh. Nyumbani sahani ziliendelea kuingia zimejaa na kutoka tupu. Ndugu wachache waliojua siri walikuwa wakila chakula cha mtu aliyekwisha kuvuka nusu ya nchi, na taarifa ya kutoweka kwake haikutangazwa hadi siku kumi hivi baadaye.

Kutoka Peshawar alivuka milima hadi Kabul akijifanya bubu na kiziwi, maana hakujua lugha ya Kipashto na neno moja tu lingemuumbua. Mji ulikuwa na theluji. Yeye na mwenzake, Bhagat Ram Talwar, walijificha katika nyumba ya wageni ya madereva wa malori, ambako askari polisi mmoja wa Afghanistan aliwashuku na kuanza kuwakamua kidogo kidogo, hadi Bose akalazimika kuivua saa yake ya mkononi na kumpa. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mlango wa kwanza aliobisha huko haukuwa wa Wajerumani. Aliwataka Wasovieti. Alitaka kwenda Moscow, akauzungukia ubalozi wao, akapuuzwa. Hatimaye Waitalia ndio waliompa hati ya kusafiria yenye jina la Orlando Mazzotta, na Machi 1941 akasafiri kupitia Moscow bila kupata mapokezi aliyoyatamani, akafika Berlin mwanzoni mwa Aprili.

Ninalitaja hili kwa sababu linapima uzito wa tuhuma mbili zinazopingana. Wanaosema kwamba alikimbilia Berlin kwa mapenzi ya Unazi wanasahau kwamba Berlin ilikuwa chaguo la pili. Wanaosema kwamba hakuwa na njia nyingine nao wanasahau kwamba mwenye kufika kwenye mlango wa pili baada ya kufungiwa wa kwanza huwa amekwisha kupoteza nguvu ya kupatana bei. Mwenye duka anajua umetoka wapi.

Alijaribu kupatana hata hivyo. Siku chache tu baada ya kufika aliandika waraka mrefu kwa serikali ya Ujerumani, akitaka itambuliwe serikali ya India Huru itakayokuwa na makao Ulaya, na akieleza jinsi jeshi dogo lenye silaha za kisasa likitokea mpakani lingeweza kuwasha maasi ya nchi nzima. Fedha za kazi hiyo alisisitiza zihesabiwe kuwa mkopo wa India Huru, si sadaka. Mwishoni mwa Aprili alionana na Joachim von Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje, mjini Vienna, akajibiwa kwa upole usio na ahadi. Kazi ya kila siku ikaangukia ofisi maalumu ya India katika wizara hiyo, iliyosimamiwa na Adam von Trott zu Solz. Huyu Trott ni mtu wa kutulia naye kidogo, kwani alikuwa ndani ya wizara na wakati huohuo akila njama dhidi ya Hitler, na Agosti 1944 alinyongwa kwa kushiriki mpango wa kumuua. Kwa hiyo mwenyeji wa karibu kabisa wa Bose mjini Berlin alikuwa mtu aliyeutaka utawala ule uanguke, na mgeni wake alikuwa akiutegemea usimame angalau hadi Uingereza ipigwe. Hakuna hakika kwamba Bose aliwahi kuambiwa.

Tarehe 22 Juni 1941, Bose akiwa Roma, Ujerumani iliivamia Urusi. Kwake hilo lilikuwa pigo mara mbili. Njia ya nchi kavu kutoka Ulaya hadi mpaka wa India, ambayo mpango wake wote uliitegemea, ilifungwa, na heshima ya Ujerumani machoni mwa wazalendo wa India, ambao wengi wao waliiona Urusi kuwa adui wa ukoloni, ikaporomoka. Aliporudi Berlin aliwaambia waziwazi maofisa wa wizara kwamba umma wa India unaiona Urusi kuwa upande wa haki katika vita hivyo na Ujerumani kuwa mvamizi. Ulikuwa ujasiri kuyasema hayo katika mji ule mwaka ule. Lakini baada ya kuyasema alibaki palepale, na wenyeji wake wakajifunza kwamba hata akikasirika hana pa kwenda.

Tarehe 2 Novemba 1941 Kituo cha India Huru kilifunguliwa rasmi mjini Berlin, na katika mikutano yake yaliamuliwa mambo ambayo yameishi kuliko dola iliyokipa nyumba. Hapo ndipo maamkizi ya "Jai Hind", yaani ushindi kwa India, yalipokubaliwa, na anayetajwa zaidi kuwa aliyeyapendekeza ni Abid Hasan, kijana wa Hyderabad aliyekuwa akisomea uhandisi Ujerumani. Hapo ndipo wimbo wa "Jana Gana Mana" ulipochaguliwa kuwa wimbo wa taifa, miaka mingi kabla ya bunge la India kuupitisha. Hapo pia Bose alianza kuitwa Netaji, yaani kiongozi anayeheshimiwa. Mbengali, Mpunjabi, Mhindu, Mwislamu na Kalasinga walikaa meza moja na kuafikiana kuhusu salamu, wimbo na lugha, jambo ambalo nyumbani lilikuwa likiwatoa watu jasho.

Wiki mbili tu kabla ya ufunguzi huo, tarehe 18 Oktoba 1941, treni ya kwanza ya kuwahamisha kwa nguvu Wayahudi wa Berlin ilikuwa imeondoka stesheni ya Grunewald, magharibi mwa mji huohuo. Ziliendelea kuondoka muda wote ambao Bose aliishi Charlottenburg katika nyumba nzuri aliyopangiwa na wizara. Wakati wa mchana watu walipita mitaani wakiwa na nyota ya njano kifuani. Hadharani Bose hakusema neno. Wapo wanaomtetea kwa hoja kwamba mgeni hawezi kumkosoa mwenyeji, na kwamba angefungwa siku hiyohiyo. Huenda ni kweli, na hoja hiyo ndiyo inayothibitisha ninachokisema: ukimya ulikuwa sehemu ya bei ya nyumba, na aliilipa kila siku bila risiti.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ambalo Wajerumani walimpa Bose lilikuwa redio. Mitambo yenye nguvu iliyokuwa Huizen, Uholanzi, ilirusha matangazo ya Azad Hind, yaani India Huru, kwa lugha kadhaa za India, na Februari 1942, baada ya Singapore kuangukia mikononi mwa Wajapani, sauti yake ilisikika kwa mara ya kwanza kwa jina lake halisi, baada ya karibu mwaka mzima wa kujiita Mazzotta. Kule Bengali watu walifunga madirisha na kuinamia redio zao. Kwa serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikijiuliza kama yu hai au amekufa, ilikuwa aibu, na Machi mwaka huo mashirika ya habari yalipotangaza kwa makosa kwamba amekufa katika ajali ya ndege, Gandhi mwenyewe alimpelekea mama yake rambirambi. Redio hiyo ilikuwa silaha ya kweli. Lakini iliwafaa Wajerumani hata bila tamko: kila neno la Bose dhidi ya London lilikuwa faida ya Berlin, na faida hiyo waliipata bila kutia saini chochote.

Jembe la pili lilikuwa jeshi. Askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza walikuwa wametekwa kwa maelfu Afrika Kaskazini, na Bose alikwenda makambini, hasa Annaburg, kuwashawishi waingie katika Kikosi cha India Huru. Wengi walikataa. Wengine walimzomea, maana askari wa kazi, ambaye baba yake na babu yake walikula mshahara wa jeshi hilohilo, haoni kiapo kama shati la kubadilisha. Waliokubali walifika takriban 3,000 baada ya muda, wakafunzwa Königsbrück, Saxony, wakavaa sare za Kijerumani zenye nembo ya chui milia anayeruka juu ya rangi tatu za India. Bose alisisitiza kwamba watu wa dini na makabila mbalimbali wachanganywe katika vikosi, tofauti na desturi ya Waingereza, na kwamba wasitumwe vitani pengine isipokuwa kwa ajili ya India. Kiapo chao, hata hivyo, kilikuwa cha kumtii Adolf Hitler, kiongozi wa dola ya Ujerumani, katika vita vya kuikomboa India ambayo kiongozi wake ni Subhas Chandra Bose. Tazama mpangilio wa majina hayo mawili. Kiapo hicho kinaeleza uhusiano wote kuliko waraka wowote wa wizara.

Basi tuje kwenye tamko lenyewe. Katika miezi ya kwanza ya 1942 Japani ilikuwa imefika Burma, na wazo la tamko la pamoja la mataifa matatu kuhusu India na nchi za Kiarabu likapata uhai. Berlin wakati huo ilikuwa imejaa wageni wa namna hiyo, akiwemo Mufti Amin al-Husseini wa Yerusalemu na Rashid Ali al-Gaylani wa Iraki, kila mmoja akingoja karatasi yake. Mei 1942 Bose alimwendea Mussolini, akamlainisha, na Mussolini akaunga mkono tamko litolewe mara moja. Mwishoni mwa mwezi huo akapata kile alichokisubiri kwa zaidi ya mwaka mzima: kuonana na Hitler.

Hitler alikataa. Alisema tamko bila jeshi la kulitekeleza ni maneno matupu, kwamba majeshi yake bado yako mbali mno na India, akamwonyesha umbali huo kwenye ramani, na akamshauri aende Japani, akiahidi kumpatia nyambizi. Kwa upande wa vita tu, jibu hilo lilikuwa na mantiki. Bose naye aligusia maneno ya kuidharau India aliyoyaandika Hitler katika Mein Kampf, akaomba yafafanuliwe ili adui asiyatumie, na jibu lake likawa la kukwepa. Hapo ndipo penye kiini. Katika kitabu hicho Hitler alikuwa ameandika kwamba yeye, kama Mjerumani, angependa kuiona India chini ya Mwingereza kuliko chini ya taifa jingine lolote. Na wakati Bose akiishi Charlottenburg, Hitler mezani pake alikuwa akiwaambia wasikilizaji wake kwamba Urusi itakuwa kwa Ujerumani kile ambacho India imekuwa kwa Uingereza. Waingereza wachache wakitawala mamilioni kwa mbali, kwake ilikuwa sanaa ya kuigwa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia ukoloni ni uovu kisha ukangoja aitikie.

Je, Bose hakuyajua haya? Aliyajua. Januari 1936 Hitler alihutubia mjini Munich kuhusu haki ya watu weupe kuitawala dunia, na Machi mwaka huohuo Bose, akiwa Ulaya, aliandika barua ya kulalamika kwa taasisi moja ya Kijerumani iliyojishughulisha na uhusiano na India, akisema kwamba mwenendo huo wa Ujerumani mpya unamuumiza. Kwa hiyo hakudanganywa. Alijua anakwenda nyumbani kwa nani, akapiga hesabu kwamba haja ya Ujerumani ya kuiumiza Uingereza ingezidi dharau yake kwa Wahindi. Mwezi huohuo wa Machi 1936 Jawaharlal Nehru, kiongozi mwenzake wa Congress, aliyekuwa ametoka kufiwa na mkewe Uswisi, alipita Roma kwa ndege akielekea nyumbani. Mussolini alimwalika kwa msisitizo mkubwa. Nehru alikataa katakata hata kumpa mkono, akijua kwamba picha moja ingetosha kumtumia, na Italia wakati huo ilikuwa ikiwamwagia Wahabeshi gesi ya sumu. Bose alikwisha kuonana na Mussolini zaidi ya mara moja. Tofauti ya watu hawa wawili, waliokuwa marafiki, iko humo zaidi kuliko katika hotuba zao zote.

Lakini itakuwa dhuluma kuieleza hesabu ya Bose bila kueleza upande wa pili wa daftari. Septemba 1939 gavana mkuu, Linlithgow, aliiingiza India vitani bila kumuuliza Mhindi hata mmoja aliyechaguliwa. Agosti 1941 Churchill na Roosevelt walitoa Mkataba wa Atlantiki, wenye kusema kila watu wana haki ya kuchagua serikali yao, na mwezi uliofuata Churchill akasimama bungeni kueleza kwamba maneno hayo yalihusu hasa nchi zilizokaliwa na Wanazi, si dola ya Uingereza. Kwa maneno mengine, London nayo ilimnyima Mhindi tamko, tena ikiwa inapigana kwa jina la uhuru. Mtu aliyekaa jela nyingi za serikali hiyo ana haki ya kutoona tofauti kubwa kati ya wanafiki na wanaosema ubaya wao waziwazi. Tofauti ilikuwepo, na ilikuwa kubwa, ila haikuonekana vizuri kutoka seli ya Calcutta.

Hata hivyo tuangalie jinsi London ilivyotikisika. Machi 1942 Stafford Cripps, waziri wa Uingereza, alitumwa Delhi na ahadi ya India kujitawala baada ya vita. Ahadi ilikuwa na mashimo, na Congress waliikataa, lakini hata kuletwa kwake kulitokana na mambo mawili: Wajapani walikuwa wamefika Rangoon, na Wamarekani walikuwa wakiishinikiza London. Agosti 1942, Congress ilipowataka Waingereza waondoke, viongozi wakafungwa wote na nchi ikawaka, reli zikang'olewa na vituo vya polisi kuchomwa. Waliokuwa na kitu cha kumtishia Mwingereza ni wale waliokuwa India. Bose, mwanasiasa aliyeweza kujaza viwanja vya Calcutta kwa tangazo la siku moja, siku hizo alikuwa Berlin akisubiri kupigiwa simu na wizara. Kama kuna kosa moja la kisiasa la kumhesabia, kabla hata hatujafika kwenye maadili, ni hilo: aliiacha karata yake nyumbani, akaenda kucheza ugenini bila karata.

Baada ya kuonana na Hitler, Bose alikaa Ujerumani miezi mingine minane hivi. Novemba 1942 Emilie Schenkl, Mwaustria aliyefahamiana naye Vienna tangu 1934, alimzalia binti, Anita. Alipokaribia kuondoka Bose aliacha barua kwa Kibengali kwa kaka yake Sarat, akimwomba awapokee mke na mtoto huyo ikiwa yeye hatarudi. Hakurudi.

Februari 1943 aliingia katika nyambizi ya Kijerumani U-180 bandarini Kiel, pamoja na Abid Hasan. Hasan alisimulia baadaye kwamba kila kitu humo kilinuka dizeli, blanketi kwa mkate. Alipogundua gunia la mchele na dengu aliupikia mlo wa nyumbani kiongozi wake, Bose akafurahi mno, akaanza kuwakaribisha maofisa wa Kijerumani waonje, huku Hasan akihesabu kimoyomoyo jinsi gunia linavyopungua. Ni kisa kidogo, lakini kinamwonyesha mtu yule kuliko sanamu ya matale: baada ya karibu miaka miwili ya kuwa mgeni alipata kitu chake mwenyewe, akageuka mwenyeji papo hapo. Waliuzunguka ukingo wa kusini wa Afrika, na mwishoni mwa Aprili, kusini-mashariki mwa Madagaska, bahari ikiwa imechafuka, wawili hao walivushwa kwa boti ya mpira hadi nyambizi ya Kijapani I-29.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Tarehe 21 Oktoba 1943, mjini Singapore, Bose alitangaza serikali ya muda ya India Huru, na Ujerumani nayo ikaitambua. Utambuzi alioukosa akiwa mlangoni pao waliutoa akiwa upande wa pili wa dunia, wakati ambapo haukuwagharimu hata senti. Mwaka 1944 jeshi lake lilishiriki na Wajapani katika shambulio la Imphal, kaskazini-mashariki mwa India, na likarudi nyuma pamoja nao katika njaa na mvua. Huko ndiko njia yake na ya wazee wetu zilipokaribiana, kwa kuwa waliowafuata Wajapani bondeni Kabaw, nchini Burma, hadi kuutwaa mji wa Kalewa Desemba mwaka huo, walikuwa askari wa Keya wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nao wakipigania dola ambayo haikuwa imewaahidi tamko lolote. Agosti 1945 Bose alifariki kwa ajali ya ndege Taipei.

Kile kikosi alichokiacha Ulaya, chini ya uangalizi wa kisiasa wa A. C. N. Nambiar, mtu ambaye Wanazi haohao walikuwa wamemkamata na kumfukuza mwaka 1933, kilipelekwa Uholanzi mwaka 1943 licha ya masharti ya Bose, na baadhi ya askari waligoma kwenda. Baadaye kilihamishiwa Lacanau, pwani ya Ufaransa, kulinda ukuta wa Atlantiki, yaani ngome za Wajerumani za pwani. Februari 1944 Rommel, jemadari wa Ujerumani ambaye majeshi yake ndiyo yaliyowateka wengi wao jangwani, alikuja kuwakagua. Walijipanga mchangani wakiwa na chui milia mkononi, India ikiwa mashariki yao kwa maelfu ya maili na bunduki zao zikitazama magharibi. Agosti wakawekwa chini ya SS, jeshi la chama cha Wanazi, wakarudi nyuma wakivuka Ufaransa huku wakishambuliwa na wapiganaji wa Kifaransa. Mwaka 1945, wakijaribu kuifikia Uswisi, walikamatwa, wakarejeshwa India kwa meli wakiwa mateka wa jeshi lilelile waliloliapia mara ya kwanza.